Mistari ya Injili Pwani ya Kusini: Historia ya Hip-hop ya Kikristo

Hip-hop ya Kikristo ni muziki wa kughani juu ya biti ambao mwenye kughani ni Mkristo na mistari yake imejengwa juu ya imani: toba, wokovu, maombi, au maisha ya mtaani yaliyopimwa kwa Biblia. Ala zake, kasi yake na namna yake ya kurekodiwa ni zilezile za hip-hop nyingine yoyote. Asiyejua lugha akiusikia wimbo huo ndani ya matatu hawezi kujua kama umetoka kanisani au baa. Tofauti iko kwenye maneno na kwenye mahali unapoimbwa, na tofauti hizo mbili ndizo zilizouletea muziki huu mashabiki na wapinzani kwa wakati mmoja.

Nchini Kenya ulianza kusikika miaka ya 1990 na kushika kasi katikati ya miaka ya 2000. Masimulizi mengi juu yake huanzia Nairobi na kuishia Nairobi, jambo ambalo ni pungufu. Mombasa ilikuwa na mkono katika kuzaliwa kwake. Nao ukanda wa Kwale, kusini mwa kivuko cha Likoni, kupitia Diani, Msambweni na Ramisi hadi mpakani Lunga Lunga, una historia ya makazi, kazi na ngoma inayosaidia kueleza kwa nini muziki wa aina hii hupata wasikilizaji.

Ramisi imejengwa na miwa. Kiwanda cha sukari kilianzishwa hapo mwaka 1927, miaka 5 baada ya kile cha Miwani karibu na Kisumu, kando ya Mto Ramisi unaomwaga maji yake kwenye Ghuba ya Funzi. Wenyeji wa eneo hilo ni Wadigo, ambao wengi wao walisilimu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na Washirazi na Wavumba wa visiwani na ufukweni. Shamba la miwa lilihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana jirani, na vibarua wakaletwa kutoka mbali. Walikuja Wakamba, Wajaluo na watu wengine wa bara. Wamakonde walivuka kutoka kaskazini mwa Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa na mkonge, wakabaki Kwale vizazi kadhaa bila uraia, hadi walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016 na kukubaliwa kuwa Wakenya. Kabila la 43, kama serikali ilivyowatangaza baadaye, lilikuwa limekata miwa ya nchi hii tangu enzi za mkoloni.

Ukristo wenyewe haukuwa mgeni Pwani. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na baadaye akaweka kituo Rabai; Wamethodisti wakajenga Ribe mwaka 1862; Waanglikana wakaanzisha Frere Town mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Vituo hivyo vyote viko upande wa kaskazini na magharibi mwa kisiwa cha Mombasa. Upande wa kusini, Injili ilifuata zaidi barabara ya ajira: kambi za vibarua, mradi wa makazi wa Shimba Hills uliowavuta Wakamba wengi, na baadaye hoteli za Diani. Wakristo wa Kwale wakawa, na wako hadi leo, wachache katikati ya jamii ya Waislamu, na wengi wao ni watoto wa watu waliokuja kutafuta kazi.

Hali hiyo ilizaa makanisa ya aina yake. Katika kijiji cha bara, kanisa linaweza kuimba kwa lugha moja ya mama na kila mtu akaelewa. Katika kambi ya miwa, Mkamba, Mjaluo na Mmakonde walikutana kwenye benchi moja na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Biblia ilisomwa kwa Kiswahili, tenzi zikaimbwa kwa Kiswahili, na watoto wakacheza, wakatukanana na wakasuluhishana kwa Kiswahili hichohicho, kilichochanganyika na Chidigo cha majirani. Sheng ya Nairobi ilipofika baadaye kupitia redio na kaseti, ilikuta vijana waliozoea tangu utotoni kuchanganya lugha bila kuona haya.

Kabla ya rap kuingia kanisani, swali la midundo ya kidunia lilikuwa limekwisha kuulizwa na kujibiwa Pwani kwa kifaa kimoja kidogo. Kayamba ni fremu bapa ya mabua yaliyopangwa safu mbili na kufungwa kwa kamba, katikati yake mna mbegu ngumu kama zile za mturituri. Hushikwa kwa mikono miwili na kutikiswa huku na huku, na vidole gumba vikigonga mgongo wake ili kukaza mdundo. Kwa Waduruma na Wadigo, kayamba ni pia jina la shughuli ya kupunga pepo: mgonjwa hukalishwa, wapigaji humzunguka usiku, na nyimbo hubadilishwa moja baada ya nyingine hadi pepo aitikie wimbo wake. Wamishonari wa kwanza na waumini wao walikuwa na sababu ya kuiogopa. Ngoma kama sengenya, yenye nzumari na jozi za ngoma zinazojibizana, iliwekwa katika fungu hilohilo la mambo ya kuachwa mlangoni.

Mtaguso wa Pili wa Vatikani, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, uliruhusu lugha za wenyeji katika ibada, na milango ikafunguka kwa ala za wenyeji vilevile. Kongo ilikuwa imetangulia: Missa Luba, iliyopangwa Kamina na Padri Guido Haazen mwishoni mwa miaka ya 1950, iliweka misa ya Kilatini juu ya midundo ya Kiafrika, na miaka 30 hivi baadaye ikarekodiwa upya na Muungano National Choir ya Kenya chini ya Boniface Mghanga, mwana wa Taita. Kayamba ikaingia kwenye kwaya za Kikatoliki, kisha za madhehebu mengine, hadi ikawa ala ya kawaida ya Jumapili nchi nzima, hata Kisumu na Nyeri ambako hakuna aliyewahi kupungwa nayo. Leo ni vigumu kumpata mwanakwaya anayejua kwamba anatikisa chombo cha mganga. Waliouliza miaka ya 2000 kama mdundo wa disko unaweza kumtumikia Mungu walikuwa wakiuliza jambo ambalo Pwani ilikuwa na jibu lake mkononi.

Hip-hop yenyewe ilizaliwa New York. Tarehe inayotajwa ni 11 Agosti 1973, siku DJ Kool Herc alipopiga muziki kwenye sherehe ya vijana mtaani Bronx. Wakristo wa Marekani hawakuchelewa sana kuichukua. Mwaka 1985 Stephen Wiley wa Oklahoma alitoa kaseti ya Bible Break, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa miongoni mwa rekodi za kwanza kabisa za rap ya Kikristo kuuzwa madukani. Kundi la dc Talk lilianza mwaka 1987 chuoni Liberty, Virginia, likapata umaarufu mkubwa, kisha likaegemea roki. Philadelphia ikatoa The Cross Movement, kundi lililojaza mistari yake mafundisho ya theolojia kiasi kwamba nyimbo zake zingeweza kutumika darasani. Lecrae, mzaliwa wa Houston, alianzisha Reach Records pamoja na Ben Washer mwaka 2004; albamu yake Gravity ilishinda Grammy ya albamu bora ya gospel mwaka 2013, na Anomaly ya 2014 ikaingia moja kwa moja nafasi ya 1 katika chati kuu ya Billboard. Mafanikio hayo yalisikika Nairobi na Kampala, lakini yalisikika baada ya vijana wa Afrika Mashariki kuwa tayari wamejianzia wenyewe.

Afrika Mashariki ilianza kwa kuiga, kisha ikaacha kuiga upesi. Dar es Salaam, Saleh J alijipatia jina mwaka 1991 kwa kughani Kiswahili juu ya biti za Kimarekani, na kundi la Kwanza Unit likafuata. Nairobi, mwaka huohuo, Jimmi Gathu aliimba rap kuhusu usalama barabarani. Mapinduzi yenyewe yaliletwa na Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora, ambao mwishoni mwa miaka ya 1990 walithibitisha kwamba Kiswahili cha mtaani kinaweza kubeba hasira, hesabu na ucheshi bila kuomba msaada wa Kiingereza. Tangu hapo rap ya Kenya ikawa na kazi: kusema yale ambayo gazeti halikuyasema kuhusu mtaa.

Mombasa nayo ilikuwa na kundi lake, Ukoo Flani. Jina hilo lilifafanuliwa na wenyewe kuwa kifupi cha sentensi nzima: Upendo Kote Olewenu Ombeni Funzo La Aliyetuumba Njia Iwepo. Halikuwa kundi la kanisa, na washiriki wake walitoka katika dini zaidi ya moja. Hata hivyo jina lenyewe ni dua, na dua hiyo inaonyesha kitu ambacho Pwani iliipa hip-hop ya Kenya. Katika miji ya Waswahili, mtu anayesimama mbele ya watu na maneno yaliyopangwa kwa vina hutazamiwa kuwa na la kufunza. Tenzi za kale huanza kwa kumtaja Mungu. Kaswida husomwa maulidi. Rap iliyotoka Mombasa ilikulia jirani na mambo hayo, na ikayachukua, hata pale ilipokuwa ikitukana wanasiasa. Ukoo Flani wa Mombasa uliungana na kambi ya wasanii ya Mau Mau ya Dandora, ukawa Ukoo Flani Mau Mau, na mwaka 2004 wasanii wa umoja huo wakawa mhimili wa albamu ya Kilio cha Haki iliyorekodiwa Eastlands, Nairobi.

Kwenye kambi hiyo ndiko alikotoka mtu aliyebadilisha hip-hop ya Kikristo nchini. Juliani, yaani Julius Owino, alizaliwa Dandora mwaka 1984 na kujifunza kazi ndani ya Ukoo Flani Mau Mau. Aliokoka mwaka 2005. Wengi waliotangulia, walipookoka, waliacha mtaa na lugha ya mtaa. Ushuhuda wao ulikuwa wa mtu aliyeokolewa kutoka mahali fulani na asiyetaka kurudi. Juliani alibaki na msamiati wake wote. Albamu ya Mtaa Mentality ilitoka mwaka 2008, na Pulpit Kwa Street mwaka 2011, na jina hilo la pili linasema mpango mzima: mimbari ipelekwe barabarani. Alighani kuhusu sala na kuhusu kodi ya nyumba katika ubeti mmoja. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, wakati bahasha ya majina ya washukiwa ilipokabidhiwa kwa Luis Moreno-Ocampo wa mahakama ya The Hague, aliifanya bahasha hiyo kuwa wimbo. Kuelekea uchaguzi wa 2013 aliimba kuhusu utawala na wajibu wa mpigakura.

Baadhi ya wachungaji walilalamika kwamba siasa zimezidi Yesu. Baadhi ya mashabiki wa hip-hop walilalamika kwamba Yesu amezidi. Malalamiko ya pande zote mbili ni kipimo kizuri cha mafanikio yake. Mistari yake haikukubali kwamba njaa ni jambo la serikali peke yake na roho ni jambo la kanisa peke yake, na kwa kijana aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo siku ya Ijumaa na kuombewa siku ya Jumapili, hilo lilikuwa jambo la kweli kuliko mahubiri mengi. Hapa ndipo ulipo mvuto mkuu wa hip-hop ya Kikristo. Kwaya inaimba kwa niaba ya kusanyiko zima, na mwimbaji wa sifa anaimba kwa niaba ya roho iliyotulia. Rapa anaruhusiwa kusema "mimi", kutaja mtaa wake, kutaja dhambi yake kwa jina, kulalamika mbele za Mungu kama Ayubu na Zaburi zinavyolalamika, na kutumia maneno 200 mahali ambapo pambio linatumia 10.

Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu vyombo vilikuwa vimekwisha kujengwa. Miaka ya 1990 serikali ililegeza udhibiti wa utangazaji, redio za FM zikaongezeka, na mwishoni mwa muongo huo kituo cha Family kikaanza kurusha matangazo ya Kikristo ya redio na televisheni. Studio za Nairobi zilijitokeza zenye nia ya kuwarekodi Wakristo kwa ubora wa kidunia, Kijiji Records ya Kanjii Mbugua ikiwa mojawapo. Makanisa ya mjini yaliyolenga vijana, kama Mavuno iliyotoka Nairobi Chapel mwaka 2005, yaliacha kuwadai wabadilishe mavazi mlangoni. Mwaka 2004 zikaanza Groove Awards, tuzo za muziki wa injili, ambazo baadaye zilikuwa na kitengo cha hip-hop. Kipindi cha Kubamba cha DJ Moz kwenye Citizen TV na Cross Over 101 cha NTV viliingiza video za nyimbo hizo sebuleni Jumapili asubuhi. Eko Dydda na Holy Dave wakawa majina ya nyumbani. Kundi la MOG likachanganya kughani na kuimba. Daddy Owen na Jimmy Gait wakaegemea dansi.

Dansi ilileta umati, na umati ukaleta pesa. Mwaka 2004 hivi Esther Wahome aliimba Kuna Dawa, wimbo wa injili ulioishia kuchezwa kwenye vilabu vya usiku kote nchini, na kuanzia hapo kila msanii wa injili alijua kwamba inawezekana kupendwa pande zote mbili. Milio ya simu ya Skiza ikawalipa wasanii wa injili kuliko kaseti zilivyowahi kuwalipa, kwani kaseti na CD bandia ziliuzwa sokoni kabla ya nakala halali kufika. Kufikia miaka ya 2010 gospel ilikuwa soko lenye faida kubwa katika muziki wa Kenya, na watu wakahamia huko: Size 8, aliyejulikana kwa nyimbo za kidunia, alitangaza wokovu mwaka 2013. Miaka michache baadaye msafara ukageuka, na wasanii waliokuwa vinara wa injili, Willy Paul na Bahati wakiwa mfano mkubwa, wakahamia nyimbo za mapenzi. Katika kipindi hicho hip-hop ya Kikristo ilipoteza kitu. Mistari ilifupishwa ili mtindo wa kucheza upate nafasi, kiitikio kikarudiwa mara nyingi zaidi, na taarifa za mtaa zikapungua. Nyimbo za aina hiyo ziliburudisha harusi nyingi na kusahauliwa harusi zilipoisha.

Rap ya Kiswahili ina ufundi unaostahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa Injili yenyewe hupita humo. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo kina cha herufi moja ya mwisho hakina uzito. Sikio la Mswahili hudai silabi nzima, na lililozoea mashairi hudai kina cha kati na cha mwisho. Shairi la jadi huhesabu mizani 16 katika mshororo, 8 kwa 8. Rapa hahesabu mizani. Anahesabu mipigo 4 ya ngoma katika kila baa, na ubeti wake wa kawaida ni baa 16. Ndani ya mipigo hiyo anaweza kusukuma silabi 8 au 15, mradi vina viangukie pale ngoma ya kugonga inapolia. Viambishi vya Kiswahili humrahisishia kina cha uvivu, kwani vitenzi vyote vilivyonyambuliwa kwa namna moja huishia sawa: kupendana, kusaidiana, kuombeana. Rapa hafifu hukaa hapo. Rapa mzuri hukimbilia nomino, neno la Sheng, jina la kituo cha matatu au jina la nabii, na kumshtua msikilizaji kwa kina ambacho hakukitarajia. Biblia ni hazina kubwa kwa kazi hiyo kwa sababu majina yake ya Kiswahili, kuanzia Yeremia hadi Zakayo, yana irabu zilizopangika na kila msikilizaji aliyepitia shule ya Jumapili anajua kisa kilicho nyuma ya jina. Neno moja hubeba hadithi nzima.

Huko Ramisi, hali ya maisha ilikuwa imebadilika kabla muziki huu haujafika. Kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 1988. Kambi zilibaki na watu, makanisa yakabaki na waumini, lakini mshahara uliowaleta ukatoweka. Kizazi kilichozaliwa baada ya hapo kilikulia kando ya shamba lililogeuka kichaka, huku kikisikia kwa wazee habari za miaka ya king'ora cha kiwanda. Wengine walikwenda Ukunda na Diani kutafuta kazi za hoteli na ufukweni. Wengine wakaingia bodaboda zilipokuja. Ardhi ikawa ugomvi: kampuni ya KISCOL ilipokodishiwa shamba la zamani na kuanza kusaga miwa katikati ya miaka ya 2010, familia zilizokuwa zikilima humo zilipinga kuondolewa. Machimbo ya titani ya Base Titanium, yaliyoanza uzalishaji mwishoni mwa 2013 na kufunga kazi mwishoni mwa 2024, yalitoa ajira kwa baadhi na maswali kwa waliobaki. Dawa za kulevya, heroini hasa, yaani unga, ziliwala vijana wa ukanda wa Diani na Ukunda. Orodha hiyo ya ardhi, kazi na unga ndiyo orodha ya mada za hip-hop popote ilipo, na mahubiri ya kawaida huigusa kwa mbali tu.

Muziki ulifika kwa njia za kawaida. Matatu za Likoni kwenda Lunga Lunga hupiga injili Jumapili asubuhi na chochote siku nyingine. Kaseti zilifuatwa na CD, CD zikafuatwa na flashi zilizojazwa nyimbo kwenye vibanda vya simu, kisha bando za intaneti zikafanya YouTube kuwa studio, duka na shule. Kutoka upande wa Tanga ilikuja bongo fleva, na pamoja nayo neno la Kitanzania la michano na wasanii wa hip-hop ya injili kama Rungu la Yesu. Kijana wa kanisa la Pwani ya Kusini anayetaka kughani hahitaji bendi. Hupakua biti, huandika mistari kwenye simu, na kuijaribu kwenye ibada ya vijana kupitia spika zilezile zinazotumiwa na mhubiri. Kinanda cha kanisa chenye midundo iliyopakiwa kiwandani humsaidia pale intaneti inapokatika. Urahisi huu ni sababu nyingine ya mvuto wa hip-hop, na ndiyo sababu ambayo wachambuzi wa maneno hupenda kuisahau: kwaya huhitaji sare, mwalimu wa sauti na nauli ya watu 30, ilhali rapa anahitaji maiki moja.

Kuwa wachache kuna athari zake pia. Katika mji ambao adhana husikika mara 5 kwa siku na jirani, mwalimu na mwenye duka ni Waislamu, rapa wa Kikristo hawezi kughani kana kwamba kila msikilizaji ni muumini mwenzake. Mkutano wa injili wa hadhara unaopaza spika bila busara huleta ugomvi. Mistari inayozungumzia kazi, unga na heshima kwa mama hupita mipaka ya dini bila shida. Ile inayoshambulia imani ya mwingine huishia ndani ya kuta za kanisa, na ni vyema iishie humo. Wasikilizaji wa Kiislamu wanayo kaswida yao, nayo pia imekuwa na vijana wanaoisukuma kuelekea midundo mipya na wazee wanaoivuta kurudi kwenye dufu. Mabishano ya pande hizo mbili yanafanana mno, ingawa wabishanaji hukutana nadra.

Hoja za wapinzani wa hip-hop kanisani hazijabadilika sana tangu mwanzo. Ya kwanza ni kwamba mdundo huo unatoka baa na utamrudisha muumini baa. Ya pili ni mavazi na mikogo. Ya tatu, iliyo nzito zaidi, ni kwamba kusanyiko haliwezi kushiriki: rap husikilizwa, haiimbwi na wote, na ibada si onyesho. Hoja ya kwanza imeshindwa na historia, kayamba ikiwa shahidi. Ya pili hufa kila kizazi na kuzaliwa upya na suruali nyingine. Ya tatu ina ukweli, na rapa wengi wameikubali bila kusema kwa kutunga viitikio vya pambio ambavyo kanisa zima linaweza kuvipokea kati ya ubeti na ubeti.

Tangu 2018 gengetone, na baada yake drill ya Kiswahili, zimewapa vijana wa Kenya midundo mipya, na wasanii wa Kikristo wameifuata kila mara kwa kuchelewa kidogo. Juliani mwenyewe alikwisha kusema kwamba yeye ni msanii aliye Mkristo, asiwekwe kwenye sanduku la gospel, na kauli ya namna hiyo imetolewa pia na Lecrae ng'ambo. Vitengo vya tuzo vinaweza kufa bila muziki kufa. Makanisani, hip-hop imebaki zaidi kwenye Jumapili ya vijana, kesha, kambi za likizo na mikutano ya shule, wakati ibada kuu ya asubuhi ni ya kwaya na kikundi cha kusifu na kuabudu. Kayamba ilikuwa na Mtaguso wa kuifungulia mlango. Rap haijapata chombo cha namna hiyo, na kila kanisa la Pwani ya Kusini linaamua lenyewe, kulingana na mchungaji wake na wazee wake.